Kadi Tisini na Saba

Jumatatu, 4 Machi

Mvua imeanza na mimi nimeanza kazi, vyote siku moja. Shule nimemaliza, matokeo bado, na Mama amechoka kuniona nimejikunja nyuma ya mlango na kitabu. "Nenda ukamsaidie baba yako mkubwa," alisema. "Labda kwake utajifunza kufungua mdomo."

Baba mkubwa ni profesa wa hisabati. Ni kaka wa marehemu baba yangu, na tangu tumzike Baba yeye ndiye mwenye neno la mwisho nyumbani kwetu. Anastaafu mwezi wa tano. Wanafunzi humwita Tuseme, kwa sababu kila thibitisho analoandika ubaoni huanza hivyo: tuseme hivi, tuseme vile. Anajua wanavyomwita, na nadhani anapenda.

Ofisi yake iko ghorofa ya tatu, mwisho wa korido. Kuna ubao wa ukuta mzima, makabati manne ya chuma, dirisha lisilofunga vizuri, na harufu ya mayai. Anakula mayai ya kuchemsha mezani, mawili saa nne na mawili saa nane, na maganda anayatumbukiza kwenye kikombe cha chai alichomaliza. Meza yangu ndogo iko jirani na hicho kikombe.

Ameniahidi jambo moja. Nikifanya kazi vizuri, ataniandikia barua ya kunipendekeza kitivo cha hisabati. Nina haya mbele ya watu wote, hata mbele ya mwenye duka. Mbele ya hisabati sina.

Jumanne, 5 Machi

Leo nimeonyeshwa sanduku.

Miaka ishirini na mbili iliyopita baba mkubwa alipewa na hospitali moja ya wazazi kadi elfu mbili na mia nne za watoto wachanga. Mbele ya kila kadi kuna uzito wa mtoto, mapigo ya moyo, umri wa mama. Nyuma kuna yaliyompata wiki ya kwanza: alikuwa mzima, au aliugua. Nusu ya kadi aliilisha mashine. Hakuiambia cha kutafuta. Mashine ilitazama mifano elfu moja na mia mbili ikajitungia kanuni yake yenyewe: mtoto huyu abaki wodini, huyu aende nyumbani. Kisha yeye, kwa kalamu na karatasi, akathibitisha jambo lililompa jina: hata kwa watoto ambao mashine haijawahi kuwaona, kanuni hiyo haitakosea zaidi ya kumi kwa mia. Hiyo kumi ndiyo Mpaka. Kuna vitabu vya chuo vinavyouita kwa jina lake.

Nusu ya pili hakuna aliyeigusa. Aliifungia kwenye sanduku la bati, akaliziba kwa lakiri nyekundu, akawaambia wenzake kwamba kadi hizo zitahesabiwa mbele ya watu siku ya hotuba yake ya kuaga. Ofisa wa wizara atakuwepo. Mpaka ukisimama, kanuni itapelekwa hospitali zote.

"Mtihani haufanywi mara mbili, mwanangu," aliniambia. "Ukishachungulia majibu, hata wewe ukisahau, mkono wako hausahau. Watu wengi wanadanganya kwa kuchungulia na wala hawajui kwamba wanadanganya."

Nilisisimka mwili mzima. Miaka ishirini na mbili bila kuchungulia! Mimi nikipewa zawadi naitikisa kwanza sikioni.

Ijumaa, 8 Machi

Mvua. Mayai. Nimepanga makabati mawili.

Jumanne, 12 Machi

Baba mkubwa amekata lakiri kwa wembe. Kadi ni za karatasi, lazima ziingizwe kwenye kompyuta kabla ya siku yenyewe, na hilo kila mtu idarani analijua. Mimi nimechaguliwa kuchapa kwa sababu sijui kanuni itasema nini juu ya mtoto yeyote. "Mikono safi," alisema. Yeye mwenyewe aligeukia dirishani nilipoinua kifuniko. Nilimpenda sana dakika ile.

Ndani kunanuka ukungu na mende. Kuna vinyesi vyeusi kama mbegu katikati ya kadi. Nimenawa mara tatu na bado nikileta kidole puani nausikia.

Alhamisi, 21 Machi

Kadi 740. Jambo dogo: tarehe zote ni za kuanzia Machi hadi Mei. Watoto wa masika watupu.

Jumatano, 27 Machi

Nimemaliza zote 1,200. Kila jioni huwa nanakili kazi kwenye flashi yangu, kwa kuwa umeme wa jengo hili una tabia zake.

Mchana baba mkubwa aliniambia nikamnunulie mayai. Nilivyorudi alikuwa amekaa kwenye kiti changu. "Nilikuwa naangalia tu kama mashine inasoma," alisema, ingawa sikumuuliza. Kwenye skrini palikuwa na namba mbili: 164, na chini yake 1,200. Nilizigawa kichwani kabla sijajizuia. Ni zaidi ya kumi na tatu kwa mia.

Alifunika kompyuta polepole, kama mtu anavyomfunika mgonjwa.

"Kuna kadi chafu mle," alisema. "Hizo hazifai kuhesabiwa."

Jumatatu, 1 Aprili

Tumeondoa kadi kumi na moja ambazo wino wake umetapakaa. Zimebaki 1,189.

Sababu yake naiona: kadi isiyosomeka haiwezi kuhesabiwa. Ila nilizichapa mwenyewe. Zilisomeka.

Jumatano, 3 Aprili

Kumi na tisa zaidi. 1,170. Zinaingia kwenye bahasha kubwa iliyoandikwa MBOVU.

Nimefahamiana na mwanafunzi wake wa uzamivu, dada mrefu mwenye sauti kubwa anayekaa chumba cha pili. Utafiti wake ni juu ya ule mwisho wa mgawanyo, kule kunakokaa mambo yanayotokea kwa nadra, na wataalamu hukuita mkia. Kwa hiyo wote wanamwita Mkia. "Wenzangu walichukua minofu," alisema, "mimi nikakuta umebaki mkia tu. Na wewe je, mdogo wangu? Unaongea, au umekuja kama fanicha?"

Nikasema naongea.

"Haya, leo ni maneno mawili. Kesho utanipa matatu."

Ijumaa, 5 Aprili

1,152.

Jumanne, 9 Aprili

Leo ni mapacha.

Baba mkubwa alianza kwa kunifundisha, na alifundisha vizuri, nikajisahau kabisa. Mpaka wake unadai kila mtoto awe mfano wa peke yake, usioambukizwa na mwingine. Mapacha wana mama mmoja, tumbo moja, siku moja. Ukishamjua mmoja, nusu ya wa pili umeshamjua. "Kwa hiyo pacha si mfano huru," alisema, "na kwa haki kabisa tunawatoa." Nikaona ni sawa. Nikafurahi hata, kwamba kumbe kuna sababu ya kweli.

Akanisomea namba za kadi za kutoa. Jozi tano. Lakini nilipokuwa nachapa nilihesabu jozi tisa. Nilikaa nazo mdomoni kama jiwe, nikisikia mvua, mpaka nikasema:

"Baba mkubwa, na hawa mapacha wengine wanne?"

"Wanne gani?"

"Jozi nne. Namba mia tatu na sita, na..."

"Hao hawana tatizo."

Nilizitafuta kwenye kompyuta alipokwenda darasani. Hizo jozi nne, kanuni haikukosea hata mtoto mmoja. Zile tano alizozitoa, kila jozi kanuni ilikosea mtoto mmoja au wote wawili.

Aliporudi alikula mayai yake. Chumvi huwa anaimwaga kiganjani, analichovya yai, kisha analamba kiganja. Nimemwona akifanya hivyo mwezi mzima. Leo ndiyo nimelazimika kutoka nje.

Ijumaa, 19 Aprili

Amekuja muuguzi mstaafu, yule aliyeziandika kadi hizi. Atakuwa mgeni wa heshima siku ya hotuba, na baba mkubwa alimwalika aje awaone "watoto wake". Ni bibi mnene mwenye miguu iliyovimba. Alipanda ghorofa tatu akipumzika kila ghorofa, na kila akipumzika tulimsikia kutoka juu akimlaani mjenzi.

"Shikamoo, Bibi," nikasema.

"Marahaba, mjukuu wangu. Ile lifti pale chini ni ya mapambo?"

Baba mkubwa alicheka, akamvutia kiti. Bibi alizipekua kadi kama mtu anayepekua picha za harusi. Huyu alizaliwa umeme umekatika. Mama wa huyu alimng'ata mkono, na alama iko hapa hapa, tazama. Kisha akaiona bahasha.

"Na hizi?"

"Hizo zimeharibika," alisema baba mkubwa. "Hazisomeki."

Bibi alichomoa moja, akavaa miwani, akaigeuza nyuma. "'Siku ya tatu amerudishwa. Hapumui vizuri.' Nani kasema haisomeki?"

"Wino umetapakaa, Bibi."

"Umetapakaa kwa sababu mikono yangu ilikuwa na maji! Profesa, sikiliza. Mtoto mzima unamwandika umekaa, umefuta mikono, chai iko pembeni. Mtoto aliyerudishwa anahema unamwosha, unampepea, unakimbia naye, halafu ndiyo unakuja kuandika na maji mpaka kwenye kiwiko. Wewe unafikiri hizi ni mbovu? Kadi safi ni za waliokuwa wazima. Ukitaka kujua nani aliumwa, tafuta kadi chafu."

Nilimtazama baba mkubwa, naye hakunitazama. Alielewa kabla yangu, nilimwona akielewa. Macho yake yalikwenda ubaoni kama anavyofanya hesabu ikifunguka. Mtu huyu amefundisha miaka thelathini kwamba data iliyopotea haipotei kwa bahati nasibu. Nimesoma hilo kwenye maandishi yake mwenyewe, kabati la pili, droo ya juu.

Akachukua yai, akaligonga ukingoni mwa meza.

"Tutaliangalia hilo," alisema.

Bibi alipoondoka, baba mkubwa alifuta kiini mdomoni kwa mgongo wa mkono. "Wazee hukumbuka kwa moyo," akaniambia. "Takwimu haina moyo. Toa pia zile zisizo na sahihi ya muuguzi wa pili."

Nikazitoa. Naandika hapa ili nisijidanganye baadaye: nilizitoa mimi, kwa vidole vyangu, thelathini na tisa.

Zimebaki 1,103. Makosa 102. Ni tisa na robo kwa mia.

Jumamosi, 20 Aprili

Mvua kutwa. Sikula.

Jumatano, 24 Aprili

Nimemwambia Mkia. Nilipanga maneno tangu asubuhi na yalitoka yote kwa mkupuo, mapacha, wino, sahihi, na mwisho nikataja zile tarehe kwa kuwa zilikuwa zimebaki.

Kwenye tarehe ndipo alipoketi.

"Zote za masika? Una hakika?"

Alikwenda kwenye makabati ya idara akarudi na jalada la zamani, la ile nusu ya kwanza, iliyolishwa mashine. Desemba, Januari, Februari. Za kiangazi tupu.

"Hakuzichanganya," alisema Mkia. Alianza kucheka, kisha akaacha. "Mdogo wangu, hata wacheza karata huchanganya kabla ya kugawa. Yeye alichukua rundo lilivyopangwa na hospitali akalikata katikati. Juu kiangazi, chini masika. Na masika watoto wanaugua zaidi."

"Kwa hiyo thibitisho lake lina kosa?"

"Halina hata moja. Nimelipitia mara kumi, ni zuri mpaka unataka kulia. Linasema: tuseme nusu mbili zinafanana, basi haitazidi kumi. Hazikufanana, basi."

"Si aseme hivyo tu?"

"Aseme nini? Kwamba mtu aliyetufundisha sote kuchanganya, siku ile alisahau kuchanganya? Mbele ya wizara?"

Nikamuuliza mbona yeye hasemi. Alifunga jalada, akalifunga tena ingawa lilikuwa limeshafungwa.

"Tasnifu yangu iko mezani kwake inasubiri sahihi. Mimi ni mkia, mdogo wangu. Kazi ya mkia ni kufukuza nzi."

Alitaka nicheke. Sikucheka. Nilifikiri: angalau mimi sisubiri sahihi. Halafu nikakumbuka barua yangu ya kitivo, nikaona kinyaa cha aina mpya, ambacho mtu hawezi kutoka nje kukikwepa.

Jumatatu, 29 Aprili

Ametoa ile bahasha ya MBOVU, akaniambia niitupe kwenye pipa la nyuma ya jengo. Mle maji yamejaa na mabaki ya chakula yanaelea. Nilisimama pale na mwavuli. Kisha nikaiweka ndani ya sweta nikaja nayo nyumbani kama mwizi.

Jumanne, 30 Aprili

Mama ameiona. Alikuwa anageuza godoro.

"Hizi ni nini?"

Nikamweleza. Mama hakusoma sana lakini si mjinga. Alisikiliza mpaka mwisho, akazisawazisha kadi magotini kama nguo za mtoto.

"Hawa waliougua," akauliza, "kanuni ya shemeji ilisema waende nyumbani?"

"Wengi wao."

"Na ikipelekwa hospitali zote?"

"Itawaambia wengine kama wao waende nyumbani. Watu wataamini inakosea kumi kwa mia. Hawataweka mtu wa kuwafuatilia."

Akasema neno ambalo sikulitegemea kwake. "Yule ndiye aliyekushika mkono siku tunamzika baba yako. Wewe hukumbuki, ulikuwa unalia. Usimvue nguo mbele za watu."

"Mama, na hawa?"

"Nimekusikia." Akazirudisha kadi chini ya godoro, mahali pale pale, akatandika shuka juu yake na kuinyoosha vizuri. Ndipo nilipoelewa jinsi watu wazuri wanavyofunika mambo.

Alhamisi, 2 Mei

Nimechapa salamu za pongezi kwa ajili ya kitabu cha kumuaga. Ziko kumi na nne. Tatu ameziandika mwenyewe na kuwapelekea wanafunzi wake wa zamani waweke sahihi. Mojawapo inasema "unyenyekevu wake haukuwa na mpaka". Alinisomea kwa sauti akauliza kama imezidi.

Nikasema haijazidi.

Jumatatu, 13 Mei

Mazoezi ukumbini. Atazungumza juu ya maisha yake kwa saa moja, kisha atasema kwamba kadi zilifunguliwa ili zichapwe tu, kwamba zilizoharibika kwa unyevu ziliondolewa kabla ya hesabu yoyote, na kwamba yeye hajui matokeo kama wao wasivyojua. Halafu nitabonyeza kitufe na kusoma kinachotokea.

"Kwa nini mimi, Baba mkubwa? Mkia ana sauti."

Alinishika bega kwa mapenzi, na sidhani alikuwa anaigiza.

"Mkia akisema, watu watauliza maswali. Wewe ukisema, hakuna atakayedhani kuna kitu nyuma. Tangu mdogo huna maneno, mwanangu. Ndiyo maana nilikuchagua."

Nilidhani alinichagua kwa sababu napenda hisabati.

Mkono wake ulikuwa na chumvi. Ilibaki kwenye blauzi yangu.

Ijumaa, 17 Mei

Naandika polepole ili nisiruke kitu.

Hotuba ilianza saa tisa alasiri. Ukumbi ulijaa. Mbele walikaa maprofesa wazee, ofisa wa wizara na jalada lake, bibi muuguzi na miguu yake juu ya kiti cha pili. Mama alikaa katikati. Mkia alisimama mlangoni. Projekta iligoma, kwa hiyo skrini ya kompyuta niliiona mimi peke yangu, mezani, kando ya ubao.

Alizungumza vizuri mno. Alisimulia alivyoanza, kijana aliyependa takwimu wakati wenzake wakiiona ni hesabu ya makarani. Alivyopata wazo kwamba mashine inayojifunza kwa mifano inaweza kuwekewa dhamana, kama fundi anavyoweka dhamana kwa kazi yake. Kwa muda nilimsikia yule wa siku ya sanduku, nikataka sana awe yeye. Kisha akasema, "Sijachungulia," na watu wakapiga makofi.

Akanipa ishara.

Asubuhi, alipokwenda kunyolewa, nilikuwa nimechomeka flashi yangu na kuweka faili la kadi zote mahali pa faili lake. Nilibonyeza. Namba zikaja. Nikasoma: "Makosa mia moja sitini na nne, kati ya kadi elfu moja na mia mbili."

Nilisema. Naapa nilisema. Lakini sauti yangu ni ile ile niliyozaliwa nayo, mvua ilikuwa inapiga bati, na kipaza sauti kilikuwa kwake. Watu waliinama mbele. Kuna aliyesema, "Amesemaje?"

Baba mkubwa alitabasamu. Alikuwa mbali na skrini, hatua sita, na hakuitazama. "Ana haya, mtanisamehe," alisema kwenye kipaza sauti. "Amesema makosa mia moja na mawili, kati ya kadi elfu moja mia moja na tatu. Tisa na robo kwa mia. Mpaka umesimama!"

Makofi. Ofisa wa wizara akatoa kalamu.

"Hajasema hivyo!" Ilikuwa sauti ya bibi muuguzi. "Mimi nimekaa hapa mbele, masikio yangu hayajastaafu. Mjukuu wangu, sema tena."

Nikafungua mdomo. Hakikutoka kitu. Nilimwona Mama, ameshika mkoba kwa mikono miwili. Nilimwona baba mkubwa akinitazama, na usoni mwake hamkuwa na hasira, ila aliniamini. Aliamini kabisa kwamba sitasema. Hilo ndilo lililonitia kichefuchefu kuliko mayai, kuliko bahasha, kuliko yote.

Ubao ulikuwa nyuma yangu. Nikachukua chaki. Nikaandika 164, nikapiga mstari, chini yake 1,200. Nikaandika alama ya sawasawa. Mkono ulikuwa unatetemeka hata chaki ikavunjika, nikamalizia kwa kipande: 13.6 kwa mia.

Makofi yalikufa safu kwa safu, kuanzia mbele. Wanahisabati hawawezi kuona sehemu ubaoni wasigawanye. Niliwaona wakigawanya, midomo ikicheza.

Baba mkubwa alitembea mpaka ubaoni. Nikasogea. Nilidhani atafuta, nadhani ukumbi wote ulidhani hivyo, maana alinyoosha mkono na kitambaa cha kufutia kilikuwa pale. Alisimama mbele ya namba zile muda mrefu. Kisha akaifuta ile sita ya mwisho kwa kidole gumba, akaokota kipande cha chaki, akaandika saba.

13.7 kwa mia.

Ndivyo ilivyo. Sita zinafuatana bila mwisho, kwa hiyo inapanda. Alisahihisha. Mwandiko wake, ule ule wa miaka yote, mbele ya watu wote.

Alipoigeukia hadhira nadhani ndipo alipoona alichofanya. Profesa mmoja mzee akauliza kwa upole, "Na zile mia moja na mbili umezitoa wapi, ndugu yangu?" Ofisa wa wizara alirudisha kalamu mfukoni. Mkia aliacha mlango akaja moja kwa moja mbele na jalada la kiangazi kifuani, akaanza kueleza juu ya tarehe kwa ile sauti yake.

Mimi nilitoka kutapika.

Jumamosi, 18 Mei

Mama haongei nami. Lakini ile bahasha aliitoa mwenyewe chini ya godoro, akanifungia kwenye mfuko wa nailoni, mvua isiiloweshe. Nimeipeleka idarani. Wizara imechukua kadi zote, na imesema kanuni haitoki mpaka ijaribiwe upya, kadi zikiwa zimechanganywa.

Jumanne, 21 Mei

Baba mkubwa amekuja nyumbani. Mvua imepungua. Alikaa barazani, hakutaka kuingia, hakutaka chai. Alikuwa hajanyoa.

"Shikamoo, Baba mkubwa."

"Marahaba." Akatazama viatu vyake. "Nina swali moja. Ile sita uliiandika makusudi?"

"Sita ipi?"

"Kumi na tatu nukta sita. Ulijua nitaisahihisha? Ulinitega?"

"Hapana, Baba mkubwa. Nilikuwa natetemeka tu. Nilikosea."

Mama alisimama nyuma ya pazia, niliona vidole vyake vya miguu.

"Siku nne nzima nimeamini umenitega," alisema. "Nilikuwa naweza kukaa na hilo." Kisha, polepole, kama mtu anayesoma kitu ubaoni kutoka mbali: "Kumbe hakuna aliyenilazimisha."

Sikujua kama ni majuto au ni majivuno, na sidhani yeye mwenyewe alijua. Kuhusu barua ya kitivo hakusema kitu, nami sikuuliza. Aliomba maji. Nikampa. Alikunywa yote, akafuta mdomo kwa mgongo wa mkono, nami nikatazama kando, vile vile kama siku zote.

Mama ameniambia nimwonee huruma, ni mzee sasa, amebaki peke yake na ule ubao. Najijua, nitamwonea. Lakini asubiri zamu yake. Katika zile kadi tisini na saba tulizozitoa, kanuni ilikosea sitini na mbili. Hao watoto wametangulia.